Anneke Jans wa Manhattan: kufuata nasaba ya mlowezi wa kike

Tangu karne ya 19, familia nyingi za Marekani zimerithishana kisa kimoja kuhusu bibi yao wa zamani, Anneke Jans. Inasemekana alikuwa mjukuu wa William wa Orange, kiongozi wa Waholanzi katika vita vya kujikomboa kutoka kwa Wahispania. Aliolewa na mtu wa hali ya chini, babu akakasirika, akaifungia mali yake isiguswe hadi kizazi cha saba. Juu ya hayo, shamba lake la Manhattan, ambalo leo limesimama maghorofa, lilichukuliwa na kanisa bila haki. Watu waliamini. Waliunda vyama vya warithi, wakachangishana fedha za mawakili, wakafungua kesi baada ya kesi, na hakuna aliyepata hata senti moja.

William wa Orange aliuawa mjini Delft mwaka 1584. Anneke alizaliwa karibu mwaka 1605 na kuolewa mwaka 1623. Babu hawezi kukasirikia ndoa iliyofungwa miaka 39 baada ya kifo chake. Tarehe hizo tatu zilitosha kukiweka kisa hiki kando, lakini wengi hawakuziweka pamoja, kwa kuwa walianza na urithi waliotamani kuupata, kisha wakatafuta nasaba ya kuufikia.

Sisi tunaohifadhi nyaraka tunawashauri wananchi wafanye kinyume chake: anza na karatasi unayoweza kuishika, halafu rudi nyuma hatua kwa hatua. Anneke Jans ni mfano mzuri wa kujifunzia, kwa sababu karatasi za maisha yake zipo, na mwanamke tunayemkuta ndani yake anavutia kuliko binti mfalme wa kubuni.

Karatasi ya kuanzia ni wasia wake. Uliandikwa kwa Kiholanzi na mthibitishaji wa hati tarehe 29 Januari 1663 huko Beverwijck, mji ambao sasa ni Albany katika jimbo la New York. Mtafiti wa nasaba hupenda wasia kuliko karibu hati nyingine yoyote, kwa kuwa mtu anayegawa mali hulazimika kutaja jamaa zake kwa majina. Humo Anneke anatajwa kuwa mjane wa waume wawili: kwanza Roelof Jansen wa Masterland, kisha Everardus Bogardus. Watoto wa ndoa ya kwanza wanatajwa, wa ndoa ya pili wanatajwa, na binti mmoja aliyekwisha kufariki anawakilishwa na wanawe wawili wa kike. Watoto wa Roelof wanatengewa kwanza gilda 1,000 kutokana na shamba la Manhattan, kwa kuwa hiyo ilikuwa haki ya baba yao. Mwisho wa hati Anneke aliweka alama yake. Hakujua kuandika.

Kwa ukurasa huo mmoja tumepata vizazi vitatu, ndoa mbili, shamba, na jina la mahali, Masterland, ambalo litatufaa baadaye.

Kabla ya kurudi nyuma zaidi ni lazima tuyaelewe majina, maana hapa ndipo watafiti wengi hupotea. Waholanzi wengi wa karne ya 17 hawakuwa na jina la ukoo. Mtu aliitwa kwa jina lake na la baba yake, kama ambavyo pwani yetu imezoea Fatuma binti Salim. Anneke Jans ni Anneke binti Jan. Roelof Jansen ni Roelof mwana wa Jan, na ukifikiri kwamba Jans na Jansen ni ukoo mmoja utawafanya mume na mke kuwa ndugu. Wala mwanamke hakubadili jina alipoolewa. Anayemtafuta Anneke kwa majina ya waume zake pekee atapitia madaftari mengi bila kumwona, ilhali yumo. Neno "van" nalo mara nyingi lilionyesha mahali mtu alikotoka tu. Hata Bogardus, jina linalosikika kama la ukoo mkubwa, lilikuwa umbo la Kilatini alilolichukua msomi huyo. Alipokuwa kijana yatima mjini Woerden, alijulikana kwa jina la Evert Willemsz.

Sasa tuingie kwenye madaftari ya Kanisa la Reformed la Waholanzi huko New Amsterdam, mji wa koloni la Waholanzi kisiwani Manhattan uliokuja kuitwa New York. Yaliyosalia yanaanza mwaka 1639. Kila ubatizo una jina la mtoto, la baba, na ya mashahidi. Usiwapuuze mashahidi. Mara nyingi walikuwa shangazi, mjomba, bibi, na mtu asiyetajwa mahali pengine popote anaweza kuonekana hapo akiwa amemsimamia mtoto wa dada yake. Tazama pia majina ya watoto, kwa kuwa Waholanzi waliwapa watoto majina ya babu na bibi. Anneke alikuwa na binti aliyeitwa Trijntje, yaani Trijn mdogo, na mama yake Anneke aliitwa Trijn. Mwana mmoja wa Bogardus aliitwa Willem, na Evert Willemsz alikuwa mwana wa Willem. Jina pekee si ushahidi kamili, lakini linakuelekeza mlango wa kubisha.

Madaftari hayohayo yana watu wengine ambao Mswahili hatakiwi kuwapita haraka. Tarehe 5 Mei 1641 iliandikwa ndoa ya Anthony van Angola na Lucie d'Angola, mwanamume aliyefiwa na mke na mwanamke mjane. Waafrika walikuwa watumwa Manhattan tangu miaka ya 1620, wengi wakiwa na majina ya Angola na Kongo. Mwaka 1644 wanaume kumi na mmoja waliomba uhuru wakapewa nusu uhuru pamoja na wake zao, na wakapata viwanja, lakini watoto wao waliendelea kuhesabiwa kuwa mali ya Kampuni ya Uholanzi ya India za Magharibi. Ardhi yenyewe ilikuwa ya Walenape, wenyeji wa asili wa huko. Anayefuata nasaba ya mlowezi na asiwaone watu hawa anasoma nusu ya ukurasa.

Tukitoka kanisani twende mahakamani. Mwaka 1638 jirani mmoja, Grietje Reyniers, alieneza maneno kwamba Anneke, ambaye sasa alikuwa mke wa mchungaji Bogardus, alipandisha sketi barabarani na kuonyesha vifundo vya miguu. Grietje alikuwa mke wa Anthony Jansen van Salee, mtu mwenye asili ya Moroko, na nyumba hizo mbili zilikuwa na ugomvi. Mashahidi waliitwa. Maelezo yao ni kwamba Anneke alikuwa akipita karibu na kwa mhunzi, njia ilikuwa na matope, akainua sketi kidogo isichafuke. Katika wasia tunamwona mwenye mali, katika ubatizo tunamwona mama, lakini hapa tunamwona mwanamke wa miaka thelathini na kitu akivuka matope mbele ya macho ya majirani. Nyaraka za kesi ndogondogo huonekana za kuchosha, na ndizo zinazohifadhi wanawake ambao hawakuandika barua wala kushika cheo.

Hatua inayofuata inatupeleka kwa mwajiri. Kiliaen van Rensselaer, mfanyabiashara wa lulu na almasi wa Amsterdam, alikuwa na milki kubwa kando ya Mto Hudson, na barua na mikataba yake imehifadhiwa. Mwaka 1630 Roelof Jansen aliajiriwa humo kuwa mkulima kwa gilda 180 kwa mwaka. Yeye, Anneke na binti zao walipanda meli ya De Eendracht, wakafika Manhattan mwezi Mei. Walilima sehemu za juu za mto huo kwa miaka michache, kisha karibu 1634 wakashuka Manhattan, na mwaka 1636 Roelof akapewa ekari 62, sawa na hekta 25 hivi, upande wa magharibi wa kisiwa. Alifariki punde. Mjane akabaki na watoto wadogo na shamba, na mwaka 1638 akaolewa na Bogardus.

Mama yake, Trijn Jonas, naye alikuwako huko Manhattan akifanya kazi ya ukunga kwa mshahara wa Kampuni. Koloni ile ilihitaji mkunga kama ilivyohitaji askari, na kwa kuwa alilipwa, jina lake likaingia vitabuni. Katika kumtafuta bibi wa zamani, jiulize kila mara: alifanya kazi gani, na nani alimlipa? Kwa Bogardus jibu ni rahisi zaidi. Alikuwa mchungaji, akagombana vikali na mkurugenzi wa koloni, Willem Kieft, na wote wawili walizama pamoja tarehe 27 Septemba 1647 meli yao Princess Amelia ilipovunjika karibu na Swansea, Wales. Anneke akawa mjane mara ya pili, akiwa na wana wadogo wanne wa ndoa hiyo.

Tuvuke sasa bahari. Hifadhi ya nyaraka ya jiji la Amsterdam ina madaftari ya uchumba kuanzia mwaka 1565 hadi 1811, na faharasa yake hutafutwa bure kwenye intaneti. Hayana mfano katika kufuata nasaba. Wachumba walifika mbele ya makarani, wakaeleza walikotoka, umri wao, mtaa wanaoishi, kazi ya mume, na nani amekuja kuwasimamia. Tarehe 1 Aprili 1623 walifika Roelof Jansen, baharia wa miaka 21, na Anna Jans wa miaka 18, akisindikizwa na mama yake, Trijn. Mahali alikotoka Roelof panapatana na Masterland ya ule wasia: ni Marstrand, kisiwa kilicho Uswidi leo lakini wakati huo kilikuwa cha Norwei. Anneke mwenyewe aliandikwa kuwa ametoka Flekkerøy, kisiwa kidogo karibu na Kristiansand, kusini mwa Norwei.

Kwa hiyo mlowezi huyu mashuhuri wa Kiholanzi hakuzaliwa Uholanzi. Si ajabu. Amsterdam ya wakati ule ilijaa mabaharia na watumishi kutoka Norwei, Denmark na Ujerumani, na walowezi wengi waliosafiri chini ya bendera ya Uholanzi walikuwa watu wa aina hiyo. Ndiyo maana haitoshi kuandika "Mholanzi" kwenye mti wa ukoo na kufunga jalada.

Je, tunaweza kupata ubatizo wake Norwei? Hatuwezi. Daftari la kanisa la zamani zaidi lililosalia Norwei, la parokia ya Andebu, linaanza mwaka 1623, Anneke akiwa tayari mchumba wa mtu Amsterdam. Ukioneshwa cheti cha kuzaliwa cha Anneke Jans, au mti wa ukoo unaopanda kutoka kwake hadi kwa wafalme, mwulize aliyekuonesha ameutoa daftari gani.

Na lile shamba? Warithi waliliuza mwaka 1671 kwa gavana Mwingereza, Francis Lovelace, lakini upande wa mwana mmoja, Cornelis, ambaye alikuwa amefariki, haukutia saini. Mwaka 1705 Malkia Anne akaikabidhi ardhi hiyo kwa Kanisa la Trinity. Kutoka kwenye saini hiyo moja iliyokosekana zikachipuka kesi za karne mbili. Mwaka 1847 mahakama ya New York ilieleza kwa kirefu kwamba Kanisa lilikuwa limeikalia ardhi hiyo waziwazi kwa muda mrefu mno kuweza kuondolewa. Bado vyama vya warithi viliendelea kuchangisha. Uchungu ni kwamba wengi wa wale waliotoa fedha walikuwa kweli wazao wa Anneke. Ukoo walikuwa nao. Kilichokosekana ni dai halali.

Njia hiihii inafanya kazi karibu na kwetu. Baada ya Vita vya Makaburu vya 1899 hadi 1902, baadhi ya Makaburu walihamia Tanganyika ya Wajerumani, karibu na Mlima Meru, na mwaka 1908 msafara mwingine ukafika Uasin Gishu, Kenya, ambako mji wa Eldoret ulikuja kukua. Anayemfuata mwanamke wa familia hizo atarudi Afrika Kusini, na hatimaye Cape, ambako madaftari ya kanisa yanaanza mwaka 1665 na ambako ofisi iliyosimamia mali za yatima iliacha orodha za vitu vya marehemu, chumba kwa chumba, hadi sufuria na vitanda.

Huko Cape, jiandae kukuta kitu ambacho familia ilikificha. Krotoa, mwanamke wa Kikhoikhoi aliyekuwa mkalimani wa Waholanzi, aliolewa mwaka 1664 na tabibu kutoka Denmark, Pieter van Meerhof, na binti yao Pieternella ana wazao wengi miongoni mwa Makaburu. Angela van Bengale aliletwa akiwa mtumwa, akaachiwa huru mwaka 1666, akaolewa na Arnoldus Basson mwaka 1669. Wote wawili wamo katika nyaraka za Waholanzi, kwa majina waliyopewa na Waholanzi. Kwa hiyo usiishie kwenye jina la mume. Ukikuta mke aliyeandikwa "van Bengale" (wa Bengali) au "van de Kaap" (wa Cape), fungua madaftari ya watumwa na hati za kuachiwa huru, na uendelee kutoka hapo.