Una limfoma na damu imepungua: sababu ijulikane kabla ya vidonge

Mgonjwa wa limfoma, yaani saratani ya chembe za kinga, akipima na kuambiwa himoglobini (protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu) imeshuka hadi 8, mara nyingi hutoka na jibu moja kati ya mawili: "ni hizo dawa za saratani", au "meza vidonge vya kuongeza damu". Pengine ni kweli. Pengine pia yote mawili hayahusiani hata kidogo na kilichomshusha damu, na mwezi mzima unapita bure.

Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, mwanamume mwenye himoglobini chini ya gramu 13 kwa desilita ana upungufu wa damu, na mwanamke asiye mjamzito chini ya 12. Lakini mimi huuliza kwanza ilikuwa ngapi mara ya mwisho. Chembe nyekundu huishi takriban siku 120. Kwa hiyo hata uboho, kiwanda cha damu kilicho ndani ya mifupa, ukiacha kabisa kuzitengeneza, himoglobini hushuka kidogo kidogo. Ikianguka kutoka 12 hadi 8 ndani ya wiki moja, ama damu inavuja mahali fulani, ama chembe zinavunjwa. Hapo hatusubiri kliniki ya mwezi ujao.

Kipimo kinachosahaulika sana, ingawa si cha gharama kubwa, ni kuhesabu retikulosaiti, yaani chembe nyekundu changa. Zikiwa chache, tatizo liko kwenye utengenezaji: tibakemikali imeupunguza nguvu uboho, limfoma imeingia ndani yake, au malighafi kama chuma, asidi foliki na vitamini B12 imepungua. Zikiwa nyingi, uboho unajitahidi, ila chembe zinapotea baada ya kutoka.

Upotevu huo ndio unaonitia hofu zaidi. Kwa kuwa limfoma huanzia kwenye chembe za kinga, kinga iliyovurugika huweza kutoa kingamwili zinazoshambulia chembe nyekundu za mgonjwa mwenyewe. Hali hii yaweza kujitokeza hata kabla limfoma haijagunduliwa, au baada ya matibabu kumalizika. Macho huwa ya manjano, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi. Kipimo cha Coombs, kinachotafuta kingamwili zilizonata kwenye chembe nyekundu, husaidia kuithibitisha. Kimeng'enya cha LDH nacho hupanda, lakini peke yake hakitoshi kuamua, kwa sababu limfoma yenyewe hukipandisha. Tiba ya kwanza kwa kawaida ni dawa za jamii ya steroidi pamoja na kuitibu limfoma. Vidonge vya chuma haviwezi kuzuia kingamwili.

Kuhusu chuma, kuna mtego. Saratani na maambukizi huuchochea mwili kutoa homoni iitwayo hepsidini, ambayo hupunguza ufyonzwaji wa chuma kwenye utumbo na kukifungia kilichopo ndani ya maghala yake. Uboho unabaki na njaa ilhali ghala limejaa, na vidonge vya kumeza havisaidii sana. Wakati huohuo feritini, kipimo cha akiba ya chuma, hupandishwa na uvimbe wa ndani (yaani mwako wa kinga, si uvimbe wa saratani), hivyo majibu huonekana mazuri hata kama akiba imeanza kuisha. Ndiyo maana miongozo ya Shirika la Afya Duniani, kwa mtu mzima mwenye maambukizi au uvimbe wa ndani, huchukulia feritini iliyo chini ya mikrogramu 70 kwa lita kuwa dalili ya upungufu wa chuma, badala ya 15 inayotumika kwa mtu mwenye afya.

Bandama iliyovimba nayo hukamata chembe nyingi kupita kiasi. Na jamani, tusiisingizie limfoma kila kitu! Mwenye limfoma anaweza pia kuwa na vidonda vya tumbo, hedhi nzito au figo zilizochoka. Choo cheusi kinachonata ni habari ya kumpa daktari siku hiyohiyo. Mtaje pia dawa za maumivu unazojinunulia, maana baadhi huchubua tumbo likavuja damu kimyakimya.

Maelezo yakikosekana, au chembe nyeupe na chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda) zikishuka pamoja na himoglobini, daktari anaweza kushauri kupima uboho. Sindano yake inauma kidogo, ndiyo, lakini huonyesha kama limfoma imefika huko.

Kuongezewa damu huokoa maisha, na chupa moja humpandisha mtu mzima takriban gramu 1 kwa desilita. Ikiwa hali si ya dharura, sampuli za kutafuta sababu zichukuliwe kwanza, kwani damu ya mtu mwingine huchanganya majibu. Kama limfoma yako ni ya aina iitwayo Hodgkin, au umewahi kupewa dawa za saratani ziitwazo fludarabine au bendamustine, waambie wahudumu kabla damu haijatundikwa. Miongozo ya nchi kadhaa, ikiwemo Uingereza, huelekeza wagonjwa hao wapewe damu iliyopigwa mionzi, ili chembe nyeupe za mchangiaji zisije zikaushambulia mwili uliozipokea.