Ukirali: mkono wa kulia na wa kushoto wa molekuli

Laza kiganja cha kulia juu ya cha kushoto, vyote vikiangalia chini. Vidole ni vitano na vitano, vimefuatana kwa mpangilio mmoja, lakini gumba moja linaelekea huku na jingine kule. Ndiyo maana glavu ya kushoto haivaliki mkono wa kulia. Ziko molekuli zilizo hivyohivyo: atomu ni zilezile, zimeungana kwa utaratibu uleule, ila moja ni taswira ya nyingine kwenye kioo na hata ukizigeuza vipi hazilaliani. Hali hiyo huitwa ukirali, na molekuli yenye hali hiyo ni kirali.

Chanzo kikuu ni kaboni. Atomu moja ya kaboni inaweza kushika vitu vinne, na vitu hivyo havikai bapa kama vinavyochorwa kwenye karatasi. Vinatawanyika pande zote, kila kimoja kikikaa mbali na vingine kadiri kinavyoweza. Vyote vinne vikiwa tofauti, kuna njia mbili tu za kuvipanga, na ya pili ni kioo cha ya kwanza. Viwili vikifanana, mkono unapotea. Glisini, asidi amino iliyo ndogo kuliko zote, haina mkono kwa sababu hiyo, ilhali zile 19 nyingine za kawaida zinazojenga protini zinao.

Kuna jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka, nami naliona ndilo kiini cha dhana nzima: tofauti ya mikono haijitokezi mpaka molekuli ikutane na kitu ambacho nacho kina mkono. Pima kiwango cha kuyeyuka cha pacha wa kulia, kisha cha pacha wa kushoto. Ni kilekile. Uzito ni mmoja, kiwango cha kuchemka ni kimoja, na huyeyuka katika maji kwa kiasi kimoja. Kipimajoto hakina mkono, wala maji hayana, hivyo haviwezi kubagua. Mpira hushikwa na mkono wowote. Glavu ndiyo inayochagua.

Mwanga nao unaweza kuwa na mkono, na hapo ndipo hadithi ilipoanzia. Mwanga wa kawaida hutikisika kila upande. Ukichujwa ukabaki unatikisika katika bapa moja, bapa hilo kwa kweli ni jumla ya mawimbi mawili yanayojizungusha, moja kulia na jingine kushoto. Molekuli za mkono mmoja huchelewesha wimbi moja kuliko lingine, na bapa linageuka. Mwanafizikia Mfaransa Jean-Baptiste Biot aliliona hilo mwaka 1815 katika vimiminika kama tapentaini, bila kujua linatokana na nini.

Jibu lilianza kupatikana Paris mwaka 1848. Louis Pasteur, kijana wa miaka 25, alikuwa akichunguza chumvi za asidi mbili zinazopatikana katika utengenezaji wa mvinyo. Kwa kila kipimo cha kemia cha wakati ule zilionekana kitu kimoja, isipokuwa moja iligeuza mwanga na nyingine haikugeuza. Alipozitazama kwa makini fuwele za ile isiyogeuza, akaona zipo za aina mbili, kila aina kioo cha mwenziwe. Akazitenga kwa mkono, fuwele moja baada ya nyingine, akayeyusha kila fungu peke yake. Fungu moja likageuza mwanga kulia, la pili likaugeuza kushoto kwa kiasi hichohicho. Mchanganyiko haukugeuza kitu kwa kuwa pande mbili zilikuwa zikifutana. Biot, sasa mzee wa miaka 74, hakuamini. Alimtaka kijana huyo arudie kazi mbele yake kwa kemikali alizompa yeye mwenyewe. Matokeo hayakubadilika. Bahati nayo ilikuwepo: chumvi ile hutoa fuwele za aina mbili pale tu joto linapokuwa chini ya nyuzi 27 hivi, na michanganyiko mingi ya namna hiyo haijitengi hata kidogo.

Maelezo ya kaboni na vitu vyake vinne yalikuja mwaka 1874, yakitolewa na watu wawili kila mmoja kivyake, Jacobus van 't Hoff wa Uholanzi na Joseph Le Bel wa Ufaransa. Van 't Hoff alikuwa na miaka 22. Hermann Kolbe, mwanakemia mkubwa wa Ujerumani, alimdhihaki hadharani, akitaja kwa kejeli kwamba kijana huyo anafanya kazi katika chuo cha tiba ya mifugo. Mwaka 1901 Tuzo ya Nobel ya kemia ya kwanza kabisa ilikwenda kwa van 't Hoff, ingawa kwa kazi nyingine.

Kabla ya kuendelea, tahadhari ndogo kwa anayesoma lebo. Mikono hii huandikwa kwa mitindo mitatu: alama ya kujumlisha au kutoa, herufi D na L, na herufi R na S. Mtindo wa kwanza unaeleza mwanga umegeukia wapi, mingine miwili inaeleza mpangilio wa atomu, na haifuatani. Fruktosi ya matunda ni D, lakini hugeuza mwanga kushoto. Ukikutana na herufi hizi, usizitafsiri kwa kukisia.

Sasa tuje kwenye mwili, ambako karibu kila kitu kina mkono. Protini zetu zimejengwa kwa asidi amino za L, na sukari iliyo katika DNA ni ya D. Vimeng'enya na vipokezi, kwa kuwa ni protini, ni glavu za upande mmoja. Glukosi ya L ina utamu kama ya kawaida, ila mwili hauwezi kuichoma ipate kutoa nishati. Pua nayo hubagua. Kavoni ya mkono mmoja ndiyo harufu ya nanaa. Pacha wake ndiye harufu ya kisibiti. Atomu hazikuongezwa wala kupunguzwa, na bado hakuna anayezichanganya harufu hizo mbili.

Ikiwa pua inatofautisha, moyo, ubongo na ini vinatofautisha pia, na hapo ndipo famasia ilipopata kazi. Dekstromethofani imo katika dawa nyingi za kikohozi. Pacha wake, levomethofani, ni dawa kali ya jamii ya afyuni inayodhibitiwa na sheria. Ethambutoli inayotibu kifua kikuu hutolewa kwa mkono mmoja tu, maana taswira yake ya kioo ina nguvu ndogo mno dhidi ya bakteria. Ibuprofeni ina tabia yake: pacha S ndiye anayetuliza maumivu, lakini mwili hubadilisha sehemu kubwa ya R kuwa S, kwa hiyo huuzwa ikiwa mchanganyiko wa nusu kwa nusu bila hasara kubwa.

Mfano unaotajwa kila mara ni thalidomaidi, na mara nyingi husimuliwa vibaya. Dawa hii iliuzwa Ujerumani Magharibi kuanzia Oktoba 1957 kwa ajili ya usingizi na utulivu, na wajawazito wakaitumia kwa kichefuchefu. Iliondolewa sokoni huko Novemba 1961. Inakadiriwa kuwa duniani kote watoto zaidi ya 10,000 waliathirika, wengi wakizaliwa na mikono au miguu ambayo haikukua. Masimulizi yaliyoenea husema pacha mmoja alileta usingizi na mwingine madhara, kwa hiyo kama kiwanda kingeuza pacha mwema peke yake, janga lisingetokea. Lingetokea. Kwenye thalidomaidi, hidrojeni iliyoshikwa na kaboni yenye mkono hutoka kwa urahisi, na inaporudi inaweza kurudi upande wowote. Aliyemeza pacha mmoja huwa na wote wawili damuni baada ya saa chache. Kuutenga mkono kiwandani kungekuwa kazi bure.

Mwaka 2010 watafiti wa Japani walionyesha kitu ambacho thalidomaidi hukishika mwilini: protini iitwayo serebloni, ambayo husaidia kuchagua protini nyingine zinazopaswa kuvunjwa. Dawa ikijibandika hapo, uchaguzi huo unavurugika. Mvurugo huohuo unaoharibu kijusi unaua seli za saratani ya uboho iitwayo mailoma. Marekani ilikuwa imeidhinisha dawa hii mwaka 1998 kwa tatizo moja la ngozi linaloandamana na ukoma, na mwaka 2006 kwa mailoma, kwa masharti makali ya kuzuia mimba.

Upande wa pili wa sarafu ni omeprazoli, dawa ya asidi ya tumbo. Mkono wake uko kwenye atomu ya salfa. Wakati hataza yake ikikaribia kuisha, ilitoka esomeprazoli, ambayo ni pacha mmoja wa dawa ileile, kwa bei ya juu zaidi. Lakini seli za tumbo zinazotoa asidi huibadilisha dawa hii kwanza, na katika mabadiliko hayo mkono unafutika. Kinachofanya kazi pale ni kitu kimoja, uwe umeanza na pacha yupi. Tofauti iko ini tu, ambako vimeng'enya huvunja pacha mmoja polepole kuliko mwingine, hivyo hukaa damuni muda zaidi. Ni faida, ila kwa wagonjwa wengi ni ndogo kuliko tangazo. Tangu mwaka 1992 mamlaka ya dawa ya Marekani inawataka watengenezaji waeleze kila pacha anafanya nini, nami naona swali hilo lina maana zaidi kuliko neno "safi" kwenye kifungashio.

Kumpata pacha mmoja kiwandani si rahisi. Ukianza na viambato visivyo na mkono, ukavipika katika chombo kisicho na mkono, utapata nusu kwa nusu kila mara, kwa sababu hakuna kilichopendelea upande. Mkono lazima uazimwe. Pasteur mwenyewe aliuazima kwa kuvu aliyekula pacha mmoja akamwacha mwingine. William Knowles, akiwa katika kampuni ya Monsanto, aliweka mkono kwenye kichocheo: atomu ya rodiamu iliyozungukwa na molekuli kirali. Kichocheo kidogo tu kiliweza kutoa L-dopa nyingi, dawa ya ugonjwa wa Parkinson. Kazi hiyo ilimpa Nobel ya mwaka 2001 pamoja na Ryoji Noyori na Barry Sharpless. Mwaka 2000 Benjamin List alionyesha kwamba prolini, asidi amino ya kawaida, inaweza kufanya uchochezi wa namna hii bila metali yoyote, na David MacMillan akafika huko kwa molekuli nyingine ndogo. Walipewa Nobel mwaka 2021.

Mimea imefanya hivyo zamani sana, na njia mojawapo ni ya kushangaza. Mmea unapotengeneza lignani, aina ya kemikali za mimea, huamsha molekuli mbili ndogo kwa kunyang'anya kila moja elektroni. Zikiachwa zenyewe, hurukiana ovyo na kuungana kwa kila namna. Mwaka 1997 kikundi cha Norman Lewis katika Washington State University kiligundua kwenye kichaka cha Forsythia protini ambayo haiunganishi chochote yenyewe. Inazishika tu molekuli hizo katika mkao ambao zikirukiana zitoe lignani iitwayo pinoresinoli, ya mkono mmoja. Protini za namna hiyo ziliitwa protini elekezi. Arabidopsis, mmea mdogo unaopendwa maabara, una protini ya jamii hiyo inayoelekeza upande wa pili.

Pinoresinoli hiyo ni mwanzo wa njia inayoishia kwenye podofilotoksini, ambayo hutumika kutengeneza etoposidi, dawa ya saratani. Mwaka 2015 Warren Lau na Elizabeth Sattely wa Stanford walipata vimeng'enya 6 vilivyokuwa havijulikani katika njia hiyo, wakavihamishia pamoja na vingine kwenye jamaa wa tumbaku, na majani yake yakatoa kiini cha etoposidi. Mmea uliingiziwa jeni, na mkono ukaja pamoja nazo.

Pamba inaonyesha kwamba mkono hauhitaji hata kaboni ile ya vitu vinne. Gosipoli, sumu ya kujilinda iliyomo katika mbegu zake, ina nusu mbili zinazogongana zinapotaka kuzunguka kwenye kiungo cha kati, kwa hiyo kila molekuli hukwama imejipinda upande mmoja. Pacha wa kutoa ndiye anayedhuru zaidi wanyama, na ndiye anayedhoofisha mbegu za kiume. China iliwahi kuijaribu gosipoli kama dawa ya uzazi wa mpango kwa wanaume, ikaachwa kwa madhara yake. Pamba nayo ina protini elekezi inayopendelea pacha wa kujumlisha.

Shambani hoja ni ileile. Metolakloru, kiuagugu, iliuzwa kwanza ikiwa mchanganyiko. Nguvu karibu yote ilikuwa kwa mkono S, na kiwanda kilipohamia mchanganyiko wenye S nyingi katika miaka ya 1990, kiasi kinachomwagwa ardhini kwa kazi ileile kilipungua kwa zaidi ya theluthi.

Linabaki swali la kwa nini uhai ulichagua upande huu. Kimondo kilichoanguka Murchison, Australia, Septemba 1969 kilikuwa na asidi amino ambazo baadhi zilielemea kidogo upande wa L, kwa hiyo huenda uzito ulianza kuegemea kabla ya Dunia kuwa na viumbe. Swali la kinyume lina uzito wa haraka zaidi. Desemba 2024 wanasayansi 38 walionya katika jarida la Science dhidi ya kutengeneza bakteria wa kioo, ambaye kila molekuli yake imegeuzwa mkono. Hayupo bado. Wasiwasi wao ni kwamba glavu za mfumo wetu wa kinga zingeshindwa kumshika, na virusi vinavyoua bakteria vingemkosa pia. Hawakutaka molekuli moja moja za kioo zipigwe marufuku, maana zina kazi: vimeng'enya vinavyokata protini haviwezi kuzikata, kwa hiyo hudumu. Etelkalsetidi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017 kwa wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu kwa mashine, ina mnyororo wa asidi amino 7, zote za mkono wa D.