Ubunifu, uasili na uzushi: lipi ni lipi?

Katika kazi yangu ya kuhariri na kufasiri Kiswahili hapa Lamu, hakuna neno linaloniletea maswali mengi kama ubunifu. Mwenye hoteli analitaka kwenye tangazo lake. Mwalimu analitaka kwa sababu mtaala wa umilisi umeliweka katika stadi za msingi ambazo mwanafunzi anapaswa kukuzwa nazo. Kijana anayeomba ufadhili hulirudia karibu kila aya. Nalipenda neno hili, na ndiyo sababu naumia nikiona linabandikwa popote.

Tuanze na kitenzi chenyewe. Kubuni ni kutoa akilini jambo ambalo halikuwapo kwa sura hiyo. Kitenzi hiki peke yake hakisifu wala hakilaumu. Hadithi ya kubuni ni fasihi, ushahidi wa kubuni ni jinai. Aliyebuni mshono mpya wa kanzu na aliyebuni risiti ya safari ambayo hakwenda wote wamebuni. Sifa huja tunapofika kwenye mbunifu na ubunifu. Kile kiishio cha -fu, au -vu, ni cha hulka: mwangalifu, msikivu, mvumilivu, hata mdanganyifu. Hueleza mtu ambaye jambo limekuwa tabia yake. Kwa hiyo aliyepata wazo zuri siku moja amebuni, lakini kumwita mbunifu ni kusema kwamba ndivyo alivyo. (Mbuni, bila -fu, ni mwenye kazi hiyo: mbuni wa mavazi, mbuni wa nembo. Tanzania wamelichukua mbunifu kwa kazi pia, ndiyo wabunifu majengo. Sisi Kenya twasema wasanifu majengo.)

Sasa, swali lenyewe ninaloulizwa hasa: je, mbunifu ni lazima alete kitu ambacho hakijaonekana kamwe? Nasema hapana, na ushahidi wangu wa kwanza ni ushairi.

Washairi wetu husema kutunga, kitenzi kilekile cha kutunga shanga na kutunga samaki kwenye kamba. Shanga hukuzifinyanga wewe, na samaki hukuwaumba. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani, yaani silabi, 16: nane katika ukwapi, kipande cha kwanza, na nane katika utao, kipande cha pili. Hii nimeitunga mwenyewe kwa ajili ya mfano:

Moyo wangu unaumwa, kwa mapenzi nateseka.

Jahazi limepwelewa, na nanga sijaitupa.

Hesabu mizani, zote zimetimia. Wa kwanza umetungwa, hakuna wa kuukosoa, lakini kila neno limekuja na mwenzake waliyezoeana. Wa pili hautaji mapenzi hata kidogo. Nahodha hutupa nanga pale anapotaka kukaa. Huyu maji yamempwelea, chombo kimekaa mchangani kabla yeye hajaamua kukaa. Ndiyo hali ya mtu aliyependa pasipo kukusudia. Jahazi, nanga, kupwelewa: mtoto yeyote wa kijiji cha Shela anayajua maneno hayo, na bahari ya shairi ni ileile ya wazee. Kilichobuniwa ni ule uhusiano baina ya kupwelewa na kutotupa nanga. Hapo neno ubunifu limestahili.

Mshairi Mwana Kupona naye, alipomtungia bintiye utendi, yaani shairi refu, mwaka 1858, si yeye aliyeanzisha umbo la utendi. Mizani minane kwa kila kipande ilikuwa mali ya watu wote wa pwani hii. Cha kwake ni ile sauti ya mama mgonjwa anayemwita bintiye akae karibu, alete wino na karatasi, asikie wosia.

Nalisisitiza hili kwa sababu mjadala wa miaka ya 1970, baina ya wanamapokeo walioshikilia vina na mizani na wanamabadiliko waliotetea shairi huru, umetuachia mazoea mabaya. Waliogombania kama shairi lisilo na vina ni shairi walikuwa na hoja nzito pande zote mbili. Lakini wanafunzi wengi wametoka na fikira kwamba mwenye vina ni mfuasi na asiye na vina ndiye mbunifu. Nimesoma mashairi huru yaliyojaa maneno makuukuu, na tarbia zilizonikosesha usingizi.

Ushahidi wa pili uko katika milango. Fundi mmoja wa nakshi hapa mjini aliniruhusu kukaa karakanani kwake akifanya kazi ya fremu. Alichora duara kwa bikari kwenye mbao, akazigawa petali, akashika patasi na nyundo. Ua baada ya ua, yote sawasawa. Nikamuuliza ubunifu wake uko wapi. Akaniambia, "Mwalimu, ua hili ni la wazee. Langu mimi ni hapa penye pembe." Kwenye pembe ya fremu mstari wa maua hugeuka kutoka wima kwenda ulalo, na nafasi iliyobaki haitoshi ua zima. Mwingine angelikata ua katikati. Yeye alilifungua likawa jani refu lililojikunja, likazunguka pembe, kisha ua lenzake likachipuka upande wa pili kutoka kwenye ncha ya jani hilo. Ukitazama mlango umekamilika huoni kwamba palikuwa na shida.

Hata sheria haidai zaidi ya hapo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 hulinda kazi ya fasihi, muziki au sanaa iwapo mtungaji ametia juhudi ya kutosha kuipa kazi hiyo sura yake yenyewe, na iwapo imeandikwa, imerekodiwa au imewekwa katika umbo linaloshikika. Haikutaka kitu ambacho ulimwengu haujapata kuona.

Hapa ndipo wafasiri wengi huteleza. Wakikutana na neno la Kiingereza original, kwa maana ya kazi iliyotoka kwa mtungaji mwenyewe, huandika kazi ya asili. Msomaji wa Kiswahili akisikia asili hutazama nyuma: dawa za asili, ngoma za asili, Mwamu (mtu wa Lamu) wa asili. Wimbo wa asili ni ule usiojulikana mtunzi, yaani kinyume kabisa cha kilichokusudiwa. Andika kazi aliyoibuni mwenyewe, au ubunifu wake mwenyewe. Asili waachie waganga na wanahistoria. Halisi ni la kutofautisha na bandia.

Uzushi ni jambo jingine tena. Katika mji wa misikiti mingi kama huu, mzushi ni tusi. Ni mtu aliyeingiza katika dini lisilokuwamo, au aliyetunga habari za watu. Usimwite hivyo msanii unayetaka kumsifu. Uvumbuzi nao, kwangu mimi, ni wa dawa, mitambo na mbinu za kisayansi.

Magazeti yetu ya Kenya yana kubuni tume, kubuni jopokazi, kubuni nafasi za kazi. Si kosa, lakini kwenye meza yangu huligeuza kubuni kuwa kuunda. Kijijini Matondoni wanaunda majahazi kwa mbao na misumari, na tume nayo huundwa kwa watu na mamlaka. Tume ya kubuniwa naielewa kama tume ya uongo, na sidhani ni mimi peke yangu.

Kuhusu upatanisho: mtoto mbunifu, watoto wabunifu, wazo bunifu, kazi bunifu, mbinu bunifu. Kwenye wingi wa wazo wengi huandika mawazo bunifu. Mimi huandika mawazo mabunifu, kama tunavyosema maji matulivu, na nikirudishiwa rasimu hilo silibadilishi.