“Usiwaze Sana” Haimsaidii Mwenye Wasiwasi

Wengi wanaokuja kwangu na wasiwasi uliopitiliza wameshaambiwa “usiwaze sana” na kila mtu, kuanzia mzazi hadi bosi. Wamejaribu, imeshindikana, na sasa wanajilaumu juu ya wasiwasi waliokuwa nao. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake waliwaomba watu wasimfikirie dubu mweupe, na wapige kengele kila akiwajia akilini. Kengele zililia. Walipoachwa huru baadaye, walimfikiria zaidi kuliko wale ambao hawakuzuiwa tangu mwanzo. Kwa hiyo sianzi na kufukuza mawazo.

Wasiwasi wenyewe si ugonjwa. Mtu mwenye mtihani kesho akikosa raha, yuko sawa kabisa. Madaktari wa afya ya akili wa Marekani, katika mwongozo wao wa utambuzi, ili wauite ugonjwa, wanataka wasiwasi uwepo siku nyingi kuliko siku za utulivu, kwa miezi 6 au zaidi, juu ya mambo mbalimbali, na mtu awe anashindwa kuudhibiti. Halafu ziwepo angalau dalili 3 kati ya 6: kutotulia, kuchoka upesi, kushindwa kuweka akili mahali pamoja, kukereka haraka, misuli kukaza na usingizi kuvurugika. Si ajabu mtu akaja kulalamikia shingo na mabega, mawazo akayataja wakati anaaga.

Sasa tazama jinsi wasiwasi unavyojilisha wenyewe. Mama anampigia binti yake, simu haipokelewi. Labda yuko kwenye kikao. Na kama amepata ajali? Na kama amelazwa, hana wa kumpa taarifa? Ndani ya dakika chache mama ameshafika msibani, moyo unakwenda mbio. Anapiga tena na tena, anamtafuta rafiki wa binti, mwishowe binti anapokea: “Mama, nilikuwa kazini.” Mwili unalegea. Nafuu hiyo ndiyo inayotuponza, kwa sababu ubongo umejifunza kwamba kilichoondoa hatari ni kupiga simu. Hatari haikuwepo, lakini hilo halikupata nafasi ya kuonekana. Kesho atavumilia muda mfupi zaidi kabla ya kupiga.

Kwa maoni yangu, kiini cha tatizo ni kudai uhakika. Mwenye wasiwasi huona “sijui” ni sawa na “kuna balaa”. Ndiyo maana kumhakikishia mara kumi hakumtoshi. Anarudi kuuliza ya kumi na moja. Tunachofanyia mazoezi ni kukaa na hiyo “sijui” kidogo kidogo: piga simu mara moja, usirudie kwa nusu saa, kisha uone kilichotokea. Wasiwasi utapanda, na usipolishwa utashuka wenyewe.

Zoezi jingine ninalolipenda lilifanyiwa utafiti na Thomas Borkovec na wenzake miaka ya 1980. Chagua nusu saa moja kila siku, mahali palepale, isiwe karibu na muda wa kulala. Wazo likija saa nyingine, liandike kwa maneno machache na uliahirishe. Muda ukifika, keti uwaze kwa makusudi. Lenye la kufanyia kazi, kama deni au miadi ya daktari, lipangie hatua; mengine yaache yalivyo. Mara nyingi mtu akifungua daftari hukuta nusu ya mambo yameshapoa.

Usilitupe daftari hilo. Mwaka 2020 Lucas LaFreniere na Michelle Newman walichapisha utafiti wa watu wenye tatizo hili walioandika hofu zao, kisha wakafuatilia zipi zilitimia. Asilimia 91.4 hazikutimia. Washiriki walikuwa wachache, kweli, lakini ushahidi wa mwandiko wako mwenyewe una nguvu ambayo maneno yangu hayana.

Mazoezi ya kupumua? Yanatuliza mwili, sina ugomvi nayo, ila wapo wanaoyageuza kuwa hirizi mpya.

Kabla ya yote, pimwa. Tezi ya thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi huleta mapigo ya haraka, kutetemeka na kukosa usingizi, na kahawa nyingi nayo huiga dalili hizohizo. Tiba ya mazungumzo inayolenga fikra na tabia ina ushahidi mzuri. Baadhi ya dawa za sonona hutumika pia; huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na usiziache ghafla bila kuzungumza na daktari. Ikiwa mawazo yamefikia kutaka kujidhuru, usisubiri miadi: nenda hospitali leo, na mtu akusindikize.