Maili ya baharini haihitaji bahari

Kutoka Uwanja wa Moi, Mombasa, mpaka Heathrow, London, ni maili 3,900 au 4,500? Zote mbili ni sawa, na ubishi mwingi wa barazani unatokana na hapo.

Umbali wa ndege baina ya viwanja viwili ni njia fupi kabisa juu ya mgongo wa dunia, basi. Hauhesabu mizunguko ya kupaa na kutua, kukwepa mawingu, wala saa za kukaa Doha ukingoja ndege ya pili. Kinachosumbua ni maili.

Neno limeanzia kwa Warumi: hatua elfu za askari, hatua moja ikihesabiwa pale mguu uleule unapokanyaga tena. Waingereza wakaigeuza mwaka 1593 kuwa futi 5,280, ndiyo hii ya barabarani, mita 1,609 na kidogo. Ya baharini haina askari wala futi. Imetokana na dunia yenyewe: gawa mzunguko wake kwa digrii 360, kila digrii uikate dakika 60, na dakika moja ndiyo maili. Kwa kuwa dunia si duara kamili, dakika hizo hazilingani sawasawa, ndipo mwaka 1929, mkutanoni Monaco, ikakubaliwa iwe mita 1,852.

Jina ndilo linalopotosha watu. Wanadhani ni ya manahodha wa Kilindini peke yao, kwani huko juu kuna bahari gani? Lakini rubani naye hupima kwa hiyohiyo, maana inatoka moja kwa moja kwenye digrii za ramani. Chukua tufe la darasani, vuta uzi kutoka Mombasa hadi London mpaka ukaze, kisha ulaze uzi huohuo juu ya ikweta na usome digrii. Utapata kama 65. Zidisha kwa 60: 3,900. Usiulaze kwenye mistari mingine sambamba na ikweta, kwa sababu kadiri unavyokwenda kaskazini au kusini digrii zake huwa fupi, na hesabu itavimba.

Kosa linalorudiwa kila siku ni kuchukua hiyo 3,900 na kuizidisha kwa 1.6. Unapata kilomita 6,240. Kipimo chake ni 1.852, na jibu ni kama 7,220. Zimepotea kilomita 980, yaani Mombasa–Nairobi kwa barabara, kwenda na kurudi, na bado chenji imebaki. (Zile maili za zawadi za mashirika ya ndege ziache kabisa, hizo ni pointi.)

Kwa hiyo anayesema 3,900 na anayesema 4,500 wasigombane. Kila mmoja amalizie tu sentensi yake: za baharini, au za barabarani.