Je, wajua dawa ya kumeza hupimwaje ndani ya ngozi?

Mzee mmoja jirani yangu hapa Moshi ana soriasisi. Viwiko vyake vina mabaka mekundu yenye magamba meupe, na hata joto la Februari likipamba moto havui shati la mikono mirefu. (Ugonjwa huu hauambukizi, mpeni mkono.) Juzi alinionyesha kidonge kiganjani: "Mwanangu, hiki kinashuka tumboni. Nitajuaje kama kimefika kwenye kiwiko?"

Kupima damu peke yake hakumjibu. Fikiria mifongo, ile mifereji inayoshusha maji ya Kilimanjaro vihambani, kwenye mashamba ya migomba: mfongo mkuu unaweza kujaa pomoni, na mgomba wa mwisho ukabaki na kiu. Dawa nayo, sehemu yake hung'ang'ania protini za damu. Iliyo huru ndiyo hupenya mishipa na kuingia kwenye majimaji yanayozunguka seli za ngozi. Tabaka la juu kabisa, penye magamba, halina hata mshipa mmoja wa damu. Linategemea majimaji hayo.

Njia ya zamani ni kukata kinyama cha upana wa milimita 3 au 4, kukisaga na kupima. Lakini ukishasaga, damu, seli na majimaji vimechanganyika, hujui dawa ilikuwa wapi. Tena nani atakubali kukatwa kila saa?

Njia inayonivutia ni ya mrija. Mrija mwembamba sana hulazwa chini kidogo ya uso wa ngozi, katikati ukiwa na matundu. Pampu ndogo husukuma ndani yake maji maalumu, kama mikrolita 1 kwa dakika, yaani saa nzima hupatikana kama tone moja tu. Yakipita kwenye matundu huchanganyika na majimaji ya ngozi, na hutoka upande wa pili yamebeba dawa. Mrija mmoja huwekwa kwenye baka, mwingine kwenye ngozi safi ya mtu yuleyule, huku damu yake ikichukuliwa pia. Hapo huonekana dawa ilifika lini na ilikaa muda gani.

Kipimo hicho ni cha watafiti, si cha kliniki. Mzee wangu anatumia methotreksati, mara 1 kwa wiki. Damu anayotolewa ni ya kuangalia ini, figo na chembe za damu. Dawa yenyewe hupungua haraka kwenye damu, ila ndani ya seli hubaki muda mrefu zaidi, na baka huchukua wiki kadhaa kuanza kutulia. Nilimsihi asiongeze kidonge hata kimoja kwa kudhani hakijafika: methotreksati ya wiki ikimezwa kila siku inaweza kuua.