Triathloni ndefu: yanayosemwa ufukweni Goma na yanayotokea kweli

Tangu Agosti 2022, mbio za triathloni za Ironman 70.3 zilipofanyika Rubavu kwa mara ya kwanza, hapo tu ng'ambo ya mpaka, Rwanda, Goma haijaishiwa wataalamu. Pita mtaa wa Himbi jioni, karibu na maji ya Ziwa Kivu, utasikia habari za watu wanaoogelea, wakitoka wanapanda baiskeli, wakishuka wanakimbia, na kila msimulizi ana sababu yake kwa nini mtu wa kawaida hawezi. Ugumu upo, sikatai. Ila maneno mengi ya kijiweni yanautafuta mahali ambapo haupo.

Tuanze na vipimo, maana navyo huchanganywa. Mbio kamili ni kuogelea kilomita 3.8, baiskeli 180, kisha marathoni nzima ya 42.2. Ile ya Rubavu ni nusu yake: 1.9, 90 na 21.1, hiyo 70.3 ni jumla ya maili. Ya Olimpiki, iliyoingia kwenye michezo ya Sydney mwaka 2000, ni fupi zaidi: 1.5, 40 na 10. Ironman lenyewe ni jina la kibiashara, na umbali uleule hukamilishwa kwenye mbio nyingine kama Challenge Roth, Ujerumani. Kwa hesabu ya hapa kwetu, kilomita 180 ni kwenda mji wa Sake na kurudi zaidi ya mara tatu, huku marathoni bado inakungoja.

"Hiyo ni kazi ya mabingwa"

Mbio za kwanza za Ironman, tarehe 18 Februari 1978 kisiwani Oahu, Hawaii, zilikuwa na watu 15. Walimaliza 12. Gordon Haller alishinda kwa saa 11 na dakika 46. Wa pili, John Dunbar, waliokuwa wakimhudumia waliishiwa maji njiani wakampa bia. Huo ndio ubingwa ulioanzisha mambo haya.

Leo wanaume wanaolipwa humaliza kwa saa nane hivi, lakini kwa kawaida mlango wa kumalizia hufungwa baada ya saa 17 tangu kuanza. Hapo katikati ndipo walipo karibu wote: walimu, wauguzi, mafundi, watu ambao Jumatatu wanarudi kazini. Sista Madonna Buder wa Marekani alimaliza mwaka 2012 akiwa na miaka 82. Novemba 2020, huko Florida, Chris Nikic alikuwa mtu wa kwanza mwenye ugonjwa wa Down kukamilisha Ironman, zikiwa zimebaki dakika zisizofika 14 mlango ufungwe.

Kinachowashinda wengi ni ratiba. Mtu wa ridhaa hujiandaa miezi sita hadi tisa, kwa saa 10 hadi 15 kila wiki, tena mazoezi mengi yakiwa ya mwendo wa polepole ambao unaweza kuongea ukiwa unakimbia. Saa hizo zinakatwa kwenye usingizi, kwenye biashara, kwenye ibada ya Jumapili na misiba ya ukoo. Ukitaka kujua kama rafiki yako atamaliza, usimtazame mapaja. Muulize mke wake.

"Kivu itakuvuta"

Hii ndiyo ninayoisikia kuliko zote: ziwa lina gesi, gesi inamvuta mtu chini, basi mwenye akili haogelei mbali. Gesi ipo kweli, tena nyingi. Methani na kaboni dioksaidi zimeyeyuka ndani ya maji, lakini sehemu kubwa imelala zaidi ya mita 260 chini, imebanwa na uzito wa maji yaliyo juu yake. Kule juu anakopita mwogeleaji ni maji tu. Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilikata mji katikati ikamwagikia ziwani, na gesi ile haikulipuka. Mkono wa mtu hautaiamsha.

Ila usiondoke hapo ukadhani umeruhusiwa kuogelea popote. Ghuba ya Kabuno, upande wa kuelekea Sake, ina mambo yake: kule maji yaliyojaa gesi huanza mita kumi na kitu tu chini ya uso. Na mazuku si hadithi za bibi. Ni kaboni dioksaidi inayopenya kwenye nyufa za ardhi na kutuama mashimoni na kwenye sehemu za ufukwe zilizoinama, hasa asubuhi isiyo na upepo. Haina rangi, na mbuzi aliyelala pale haamki. Muulize mwenyeji wa sehemu hiyo kabla hujavua viatu.

Kinachoua waogeleaji wa triathloni ni kingine. Watafiti wa Marekani walipokusanya vifo na visa vya moyo kusimama kwenye triathloni za nchi yao kati ya 1985 na 2016, walipata 135, na karibu theluthi mbili vilitokea majini. Wengi mno walikuwa wanaume, hasa wa makamo, na baadhi yao walikuwa na kasoro ya moyo ambayo hawakuijua. Ndiyo maana kipimo cha moyo kinatangulia baiskeli kwenye orodha ya matumizi.

Dakika za mwanzo majini ndizo chungu kwa mgeni. Kisigino cha mtu kinakugonga miwani, maji yanaingia puani, unainua kichwa kutafuta boya, unaona migongo mitupu. Pumzi inakatika. Waliozoea hugeuka chali, wakapumua mara kadhaa, wakaendelea. Sheria inakuruhusu hata kushika boya au mtumbwi wa waokoaji, mradi usikusogeze mbele. Wajanja wanaanzia pembeni na kuwaacha wenye haraka wapigane wenyewe kwa wenyewe.

Ukishatulia, kuogelea ni kipande kidogo cha siku. Wengi hutumia kati ya saa moja na robo na saa moja na dakika arobaini, na muda wa mwisho ni saa mbili na dakika 20. Hakuna anayeshinda mbio hizi majini.

"Kijana wa chukudu angewashinda wote"

Hii naipenda, sitaki kuiua kabisa. Anayeteremsha mamia ya kilo za viazi na makaa kutoka Kibumba kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, ana mgongo na mapaja ambayo Mzungu hawezi kuyanunua. Tatizo ni kwamba nguvu ya kusukuma mzigo mlimani si ile ya kukaa juu ya baiskeli saa saba bila kujichosha. Wengi wanaolia kwenye kilomita ya 30 ya marathoni waliiharibu wenyewe kwenye saa mbili za kwanza za baiskeli, miguu ilipokuwa bado inawadanganya. Wala huwezi kujificha nyuma ya mwenzako akukinge upepo kama wafanyavyo kwenye mbio za kawaida za baiskeli. Ni lazima uache nafasi, ukikaidi unaadhibiwa.

Mapafu ya mlimani? Goma iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Inasaidia kidogo, haimbebi mtu.

Baiskeli ya bei ya gari nayo si sharti. Sharti ni ile iliyokutosha mwili, tairi nzima, na mikono inayojua kuziba pancha, kwa sababu hairuhusiwi jamaa yako aje kukusaidia njiani. Kwa anayefanya mazoezi kwenye vumbi la lava letu lenye makali, somo la pancha linakuja bila kuitwa. Barabara ya kufanyia mazoezi siku hizi inategemea hali ya usalama, na wengi huzunguka mjini au hukaa juu ya baiskeli iliyofungwa nyumbani.

"Shiba bugali usiku, kisha maji kwa wingi"

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Ukimuuliza aliyemaliza ni nini kilikaribia kumtoa, mara nyingi atataja tumbo kabla ya mguu.

Mwili huweka akiba ya wanga gramu 400 hadi 500 hivi kwenye misuli na ini. Hiyo ni kama kilokalori 2,000, na kwa kazi nzito huisha ndani ya saa chache. Bugali wa jana usiku, hata ungekuwa mlima, hauwezi kumfikisha mtu saa ya 14. Na ukiusindikiza na sombe (kisamvu) na maharage, ambavyo siku nyingine nakula bila kuuliza, utalipia njiani kwa kutafuta choo.

Kwa hiyo watu hula wakiwa juu ya baiskeli. Kiwango cha kawaida ni gramu 60 za wanga kwa saa. Waliozoesha tumbo hufika 90, kwa kuchanganya glukosi na fruktosi, kwa kuwa kila moja hupita mlango wake kwenye utumbo. Tafsiri yake ya sokoni ni hii: ndizi moja ya wastani ina gramu 25 hivi, Coca ya mililita 330 ina 35. Hiyo ni saa moja. Sasa fikiria saa saba za baiskeli, ndizi saba na Coca saba, jua la mchana, na hamu ya kula imekufa tangu saa ya nne. Damu imekimbilia kwenye misuli na ngozi, tumbo limelegea, na ukilisukumia vitu vitamu kwa pupa linavirudisha. Tumbo lazima nalo lifanyiwe mazoezi: chakula kilekile, kwa kipimo kilekile, kila Jumamosi ya safari ndefu. Siku ya mbio si siku ya kuonja jeli mpya uliyopewa na mgeni hotelini.

Kuhusu maji, ushauri wa "kunywa tu, kunywa" unaweza kukulaza hospitali. Kwenye marathoni ya Boston ya mwaka 2002 watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488, wakakuta asilimia 13 wana upungufu wa sodiamu, yaani chumvi ya damuni, na dalili kubwa ya hatari ilikuwa mtu kuongezeka uzito wakati wa mbio. Yaani alikunywa kuliko alivyotoka jasho. Kichwa kinauma, kichefuchefu, anachanganyikiwa, na anayemwona anadhani ni kiu, anampa maji mengine. Kunywa unapoona kiu, na uwe na chumvi kwenye chupa au mfukoni.

"Ukitembea umeshindwa"

Piga hesabu. Umeogelea kwa saa 1:40. Baiskeli umeimaliza kwa 7:30. Kubadili nguo mara mbili, pamoja na kukaa chini kidogo ukitazama viatu vyako, dakika 20. Jumla ni 9:30. Ukiitembea marathoni yote kwa kilomita 6 kwa saa, ni saa saba na dakika chache. Unafika ndani ya saa 17, na medali ni ileile.

Wengi hukimbia kati ya kituo kimoja cha maji na kingine, na kutembea ndani ya kituo ili chakula kiingie bila kumwagika. Februari 1982, Julie Moss aliyekuwa akiongoza upande wa wanawake huko Hawaii aliishiwa nguvu karibu na mwisho, akapitwa, akamaliza kwa kutambaa. Picha zile za televisheni ndizo zilizowavuta watu wengi kwenye mchezo huu. Asikudanganye mtu kwamba anayetembea saa tatu usiku, taa kichwani, amekosea njia.

"Maumivu ya kesho yake ni asidi"

Hapana. Laktiki, ndiyo hiyo asidi inayosemwa, hujaa kwenye damu lakini huondoka ndani ya saa moja au mbili baada ya kusimama. Kinachokufanya ushuke ngazi kinyumenyume siku ya pili na ya tatu ni nyuzi za misuli zilizochanika kidogo kidogo na uvimbe unaofuata. Kukandwa kunatuliza, hakuondoi asidi yoyote. Tembea kidogo, kula, lala, na usimeze dawa za kupunguza maumivu kama ibuprofeni kabla au wakati wa mbio, maana figo zako siku hiyo zina mzigo wake. Kucha moja au mbili za miguu zitageuka nyeusi na kudondoka. Zitaota tena, ila zinachukua miezi.